Bahasha ya vinasaba: je, kipimo kinaweza kutuchagulia dawa ya ADHD?

Mama mmoja aliingia kliniki na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa nne za majibu ya vinasaba vya mwanawe wa miaka tisa. Mate yake yalikuwa yamepelekwa ng'ambo na shangazi yake. "Daktari, tuambie sasa, dawa ipi itamkubali?" Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaifungua stepla yangu na kuzipanga pini zake ukingoni mwa meza.

Namwelewa mama huyu. Methilfenidati, dawa tunayoanza nayo mara nyingi kwa ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, huwasaidia takriban watoto saba kati ya kumi. Mzazi anataka kujua mapema kama wa kwake yumo katika hao saba, au atapoteza hamu ya kula na usingizi bila faida yoyote.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na kisanduku chekundu: kimeng'enya cha CYP2D6, protini inayosaga baadhi ya dawa mwilini, kwa mtoto huyu kinafanya kazi polepole. Mama alishaamua kwamba mwanawe "hawezi dawa". Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu, kwa sababu kisanduku kile kinasema kweli, ila kuhusu dawa nyingine.

CYP2D6 kimo kwenye ini na ndicho kinachosaga atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD. Kwa watu wengi, nusu ya dawa hiyo huondoka mwilini kwa saa tano hivi. Ambaye kimeng'enya chake hakifanyi kazi kabisa huchukua zaidi ya saa ishirini, na kwa dozi ileile mwili wake hukutana na dawa takriban mara kumi zaidi. Huyo tunampandishia dozi taratibu na kumhesabia mapigo ya moyo. Hata fluoksetini, dawa ya sonona, ikitumiwa pamoja na atomoksetini, hukifunga kimeng'enya hicho, na mwenye vinasaba vya kawaida akawa kama mwenye kasoro. Lakini methilfenidati haipiti huko. Yenyewe husagwa na kimeng'enya kingine, CES1, ambacho karatasi ile haikukitaja hata mara moja.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Aina za CYP2D6 zinazopunguza kasi Afrika, hasa *17 na *29, si zile zilizozoeleka Ulaya. Hiyo *29 ilichambuliwa kwa Watanzania zaidi ya miaka 20 iliyopita, na *17 ina tabia ya kuisaga dawa moja vizuri na nyingine vibaya. Maabara isiyozitafuta itamwandikia mtoto wetu "kawaida" kwa moyo mweupe. Ukipokea majibu, uliza kwanza ni aina zipi zilizopimwa.

Na mlengwa wa methilfenidati yenyewe? Dawa huziba mlango unaoirudisha dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, ndani ya seli za neva, hivyo watafiti waliitazamia sana jeni ya mlango huo, DAT1. Utafiti huu ukasema inatabiri, ule ukakanusha. Mawimbi ya ubongo nayo: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha kuyapima, lakini kwa kusaidia utambuzi, si kuchagua dawa. Siwezi kumtoza mzazi pesa kwa hayo.

Kwa hiyo tulianza na dozi ndogo ya methilfenidati na daftari la kurasa 48. Mwalimu anaandika kabla ya mapumziko, mama anaandika usiku. Mimi napima uzito, urefu, mapigo na presha. Wiki ya tatu mwalimu aliandika: "Amemaliza hesabu zote, na amekaa." Chini yake, kwa mwandiko wa mama: "Wali wa mchana haukuguswa." Tumekihamishia kidonge baada ya uji wa asubuhi, chakula kizito kikawa cha jioni, na Jumatatu anapanda tena kwenye mizani.