Pituitari ya Nyuma ni Ghala, Si Kiwanda

Katika karatasi za mtihani nilizosahihisha juma hili, wanafunzi wengi wameandika tena kwamba sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutengeneza vasopresini, homoni inayoamuru figo zibane maji, na oksitosini. Nimekwisha kuisoma sentensi hiyo mara nyingi mno, hata katika barua za rufaa za madaktari wenzangu hapa Mombasa, na sasa sina budi kuijibu.

Haitengenezi. Homoni hizo hutengenezwa na seli za neva ambazo miili yake imo katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, kisha huteremka zikiwa ndani ya vifuko vidogo, kupitia aksoni (nyuzi ndefu za seli hizo) zilizomo kwenye kikonyo cha pituitari, hadi katika ncha za aksoni hizo, zikisubiri ishara ya neva ziachiliwe kwenye damu. Chai ya Kericho hupigwa mnada mjini mwetu na kupakiwa melini Kilindini, lakini hakuna anayedai kwamba Makupa kuna mashamba ya chai. Sehemu ya mbele, iliyotokana na tishu ya kinywa wakati wa mimba, ndiyo tezi hasa; ya nyuma ni ubongo ulioteremka.

Oksitosini hukaza mji wa mimba na kusukuma maziwa, na mama huweza kutokwa na maziwa kwa kumsikia tu mtoto akilia, jambo linaloonyesha wazi kwamba neva ndizo zinazotawala. Habari za "homoni ya mapenzi" siziamini kwa kiwango zinavyoenezwa.

Wapo wanaoniambia kwamba tofauti ya ghala na kiwanda ni ya watahini tu. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Nilipata kumpokea kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya bodaboda, akikojoa zaidi ya lita 8 kwa siku, mkojo mweupe kama maji. Kituo alikotoka kilimwambia kwanza kwamba ana kisukari, na sukari ilipoonekana kuwa ya kawaida, kikamwambia ni joto la kaskazi linalomnywesha. Lakini joto hupunguza mkojo: mtu akitoka jasho, ukolezi wa damu ukipanda kwa asilimia 1 tu, vasopresini huongezeka na figo hubana maji. Ugonjwa wake ulikuwa diabetes insipidus, yaani kukosa vasopresini, ambao jina lake hufanana na la kisukari, diabetes mellitus. Mkanganyiko huu wa majina ulikuwa ukiwafanya hata wagonjwa waliolazwa kukosa desmopresini, dawa inayofanya kazi ya vasopresini, na ndiyo maana mwaka 2022 wataalamu walipendekeza jina la diabetes insipidus liachwe, na aina hii ya ugonjwa iitwe upungufu wa vasopresini.

Nilipompa kijana yule desmopresini, mama yake aliniuliza, "Daktari, atatumia dawa hii maisha?" Kama pituitari ya nyuma ingekuwa kiwanda, ningemjibu ndiyo. Kwa kuwa ni ghala, jibu hutegemea mahali palipoumia: aksoni zikikatwa chini, seli zilizo juu huweza kubaki hai na kuanza tena kuachilia homoni kutoka kwenye kikonyo, zikikatwa karibu na haipothalamasi, seli nyingi hufa na upungufu hudumu. Tena, ncha zinazokufa humwaga akiba yote iliyobaki, bila kujali mwili unahitaji nini, hivyo mgonjwa aliyekuwa akikojoa mno hubana maji ghafla, na daktari anayeendelea kumpa desmopresini na dripu kwa mazoea anaweza kuishusha sodiamu, chumvi ya damuni, hadi mgonjwa akapata degedege.

Vitabu huchora hatua tatu zilizopangika: mkojo mwingi, kubana maji, kisha mkojo mwingi wa kudumu. Mimi huona wengi wakipitia ya kwanza pekee, na wengine wakianza moja kwa moja na ya pili, wala siwezi kumtabiri yupi atafuata njia ipi. Kwa hiyo kwa kijana yule nilichelewesha dozi moja akiwa wodini, nikipima sodiamu na mkojo, na mkojo ulipokolea wenyewe katika juma la tano, niliisimamisha dawa.