Retina: seli zipi bado ziko hai?

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kliniki huja likiwa kwenye simu. Mgonjwa, au mwanawe aliyemsindikiza, ananionyesha habari kwamba watafiti wamerudisha uwezo wa kuona. "Daktari, na mimi je?" Siwezi kumjibu ndiyo wala hapana kabla sijarudi kwenye picha ya retina yake. Utafiti wote wa magonjwa haya, ukiuvua majina yake marefu, unarudi kwenye jambo moja: ndani ya jicho hili ni seli zipi bado ziko hai, na tiba inayotangazwa inazitegemea zipi.

Retina ni utando mwembamba usiofika hata nusu milimita, uliotandazwa nyuma ya jicho kwa ndani. Tangu 1991 tuna kipimo kiitwacho OCT, kinachotumia mwanga kuonyesha tabaka zake bila kuligusa jicho. Kwenye skrini utando huo unajitokeza kama mistari iliyolaliana. Chini kabisa kuna mstari mweupe mnene, ndilo tabaka la pigmenti, linalozilisha seli zinazopokea mwanga na kuzisafishia taka. Juu yake tu kuna mstari mwembamba unaong'aa, na huo ni dalili kwamba seli zenyewe za kupokea mwanga ni nzima. Mimi huanza kusoma hapo. Nikiukuta umeinuliwa na maji lakini haujakatika, moyo wangu unatulia kidogo. Nikiukuta umekatikakatika, najua kuna sehemu hazitarudi. Juu zaidi ziko seli za kati na seli za neva zinazopeleka habari kwenye ubongo. Samaki aina ya zebrafish akiumia retina huotesha seli mpya. Binadamu haoteshi; seli ikifa, imekwenda.

Tiba iliyobadilisha kazi yetu kuliko zote ilifanikiwa kwa sababu ilizikuta seli hai. Katika aina ya majimaji ya ugonjwa wa makula unaowapata wazee, mishipa mipya ya damu huota chini ya makula, yaani sehemu ya katikati ya retina, ile ya kusomea na kutambua sura za watu. Mishipa hiyo ni dhaifu, inavuja. Ni kama shamba lililofurika: mmea haujafa, unazama. Judah Folkman alikuwa ametoa hoja mwaka 1971 kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kuota mishipa yake ya damu, na 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaitambua protini inayoichochea mishipa hiyo, VEGF. Dawa za kuizuia zilianza kwa ajili ya saratani. Madaktari wa macho tukazirithi.

Jaribio lililoitwa MARINA, lililochapishwa 2006, liliwachukua watu 716. Baadhi walidungwa ranibizumab, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia VEGF, ndani ya jicho kila mwezi. Wengine walitayarishwa vilevile, wakatiwa ganzi, kisha bomba lisilo na sindano likabonyezwa juu ya jicho ili wasijue wako kundi gani. Nawasimulia wagonjwa jambo hili kwa makusudi, maana mtu mwenye matumaini husoma herufi zaidi kwenye chati hata kama hajapewa chochote, na anayerudia chati ileile huizoea. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliodungwa, takriban asilimia 95 walikuwa wamenusurika kupoteza herufi 15 au zaidi. Katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 62. Kwenye dozi kubwa, theluthi moja waliongeza herufi 15 au zaidi. Kabla ya hapo tulikuwa na laser na tiba nyingine ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza kasi ya kupotea kwa macho. Kuona wazee wanarudi kusoma kulikuwa jambo jipya kabisa.

Kisha likaja suala la bei. Bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo iliyoidhinishwa Marekani 2004, inazuia VEGF ileile. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld wa Miami aliijaribu kwenye jicho kwa kiasi kidogo mno, na matumizi yakaenea duniani kabla ya jaribio kubwa lolote. Jaribio la CATT, lililogharimiwa na serikali ya Marekani, likazilinganisha dawa hizo mbili ana kwa ana. Matokeo ya 2011 yalionyesha kwamba kwa uwezo wa kuona zinalingana, ingawa dozi ya ranibizumab iligharimu takriban dola 2,000 na ya bevacizumab dola 50. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa majaribio muhimu kuliko yote katika fani hii, na halikugundua dawa yoyote mpya. Liliwapa madaktari ushahidi wa kusimama nao mbele ya mgonjwa asiye na dola 2,000.

Udhaifu wa sindano hizi ni kwamba dawa huisha jichoni na maji hurudi. Mgonjwa anayekosa miadi anapoteza alichokuwa amekipata, na ndiyo maana matokeo ya kliniki za kawaida huwa chini ya yale ya majaribio. Utafiti mwingi wa sasa, ikiwemo ule wa dawa ya faricimab iliyoidhinishwa 2022, unahangaika na kurefusha muda kati ya sindano moja na nyingine. Linaonekana jambo dogo, lakini mwulize anayemleta mama yake.

Kwa wenye kisukari VEGF ni adui yuleyule, na sindano zilezile hufanya kazi, pamoja na laser. Lakini takwimu ninayoipenda zaidi haitoki jichoni. Jaribio la DCCT la 1993 lilionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao retina zao zilikuwa bado safi, kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Sina sindano inayofikia hapo.

Magonjwa ya kurithi ni habari nyingine. Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo RPE65. Jeni hiyo inaliwezesha tabaka la pigmenti kuitengeneza upya ile kemikali itokanayo na vitamini A ambayo seli za mwanga huitumia. Bila hiyo, seli zipo lakini zina njaa, na zinaweza kukaa hivyo miaka kadhaa kabla ya kufa. Muda huo ndio mlango. Mwaka 2001 mbwa aliyezaliwa na hitilafu hiyo, jina lake Lancelot, alianza kuona baada ya kupewa jeni nzima iliyobebwa na kirusi kisicho na madhara. Jean Bennett na Albert Maguire wa Philadelphia, waliokuwa katika kazi hiyo tangu mwanzo, wakaendelea hadi kwa binadamu.

Hapa kipimo kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Chati ya herufi haingefaa kwa watoto ambao shida yao kubwa ni giza. Kwa hiyo watafiti walitengeneza njia ya kupitia yenye mishale sakafuni na vizuizi, mgonjwa akaipita katika viwango mbalimbali vya mwanga, kuanzia lux 400 kama ofisi yenye taa nyingi hadi lux 1, ambayo ni karibu giza. Video zikapewa alama na watu wasiojua nani ametibiwa. Katika jaribio la mwisho, 13 kati ya 20 waliotibiwa walifaulu kwenye lux 1. Katika kundi la kulinganisha hakufaulu hata mmoja. Tiba hiyo iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa bei ya dola 850,000 kwa macho mawili.

Bei hiyo inaniuma, na sitaificha. Linaloniuma zaidi ni kwamba jeni zinazojulikana kusababisha magonjwa ya kurithi ya retina zinazidi 250, na hii ni moja tu. Tena inatibu seli zilizobaki. Zilizokwisha kufa haizifufui.

Tabaka la pigmenti linapokufa kwa viraka, kama katika aina kavu ya ugonjwa wa makula iliyofikia hatua ya mwisho, njia ni finyu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za sindano zinazopunguza kasi ya kiraka kupanuka. Kipimo kikuu cha majaribio yake kilikuwa ukubwa wa kiraka, na usomaji wa chati haukuonyesha faida ya wazi. Mimi huwaeleza wagonjwa hivyo hivyo, kisha wao waamue kama sindano za mara kwa mara zinawafaa. Upande wa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, Masayo Takahashi na timu yake huko Kobe, Japani, walimpandikizia mwanamke wa miaka ya sabini tabaka lililooteshwa kutokana na ngozi yake mwenyewe, Septemba 2014. Mwaka mmoja baadaye kuona kwake hakukuwa kumepungua wala kuongezeka. Mgonjwa wa pili hakupandikizwa, kwa kuwa seli zake zilikutwa na mabadiliko ya jeni. Kusimamisha kazi pale kulihitaji ujasiri, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Seli za mwanga zenyewe zikishakufa, bado za kati na za neva zinaweza kuwa hai, na hapo ndipo kuna kazi inayonisisimua kwa sasa. Mwaka 2021 José-Alain Sahel, Botond Roska na wenzao waliripoti kuhusu mwanamume wa miaka 58 aliyepofushwa na retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za mwanga. Walizipa seli zake za neva jeni ya protini inayohisi mwanga, inayotokana na mwani, na akivaa miwani maalumu aliweza kulikuta daftari mezani na kuligusa. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya kifaa kiitwacho PRIMA, chipu ya milimita mbili kwa mbili inayowekwa chini ya retina na kupokea picha kutoka kamera ya miwani. Kati ya watu 32 waliopimwa baada ya mwaka, 26 waliboreka kwenye chati. Wanaona weusi na weupe, na husoma polepole baada ya mazoezi ya miezi. Vyote viwili havimfai mtu ambaye neva inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo imekufa, kwa mfano kwa glakoma ya muda mrefu.

Onyo moja, na nalisema kwa uchungu. Mwaka 2017 madaktari waliripoti wanawake watatu waliodungwa kwenye kliniki moja ya Florida kile kilichoitwa seli shina, kilichotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Walilipa dola 5,000 kila mmoja na walidungwa macho yote mawili siku hiyohiyo. Wote waliharibikiwa vibaya na macho. Ukiambiwa ulipie kushiriki utafiti, au jicho la pili litibiwe kabla ya kuona la kwanza limeitikiaje, ondoka.

Na kama ugonjwa wako ni wa kurithi, omba upimwe jeni sasa, hata kama leo hakuna tiba yake. Majaribio huwachagua watu kwa jina la jeni na kwa hali ya seli zilizobaki. Tunza picha zako za OCT za kila mwaka kwenye faili moja, maana ndizo zitakazomwonyesha mtafiti mstari ule unaong'aa umeanza kukatika wapi na kwa kasi gani.