Bosi na simu yako

"Ukishapita geti, simu ni ya ofisi." Kauli hii imezoeleka Kenya kiasi kwamba mtu akiambiwa "fungua WhatsApp nione", anaitoa simu bila hata kuuliza kwa nini. Si kweli. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, mawasiliano yake yakiwemo. Haki hiyo ina mipaka, ndiyo, lakini haiachwi kwa mlinzi pale getini.

Mwajiri naye ana yake. Anaweza kukataza simu karibu na mashine, au kukuonya kwa kuchati wateja wakiwa foleni. Ukitumia Wi-Fi yake, fundi wa mtandao anaweza kuona umeingia tovuti gani. Ujumbe wa WhatsApp hausomi, maana umefumbwa toka simu hadi simu.

Panapokanganya ni hapa: umepiga picha kitambulisho cha mteja kwa simu yako. Picha hiyo si siri yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mteja, na kampuni inaweza kukutaka uifute. Picha hiyo moja, lakini, si galari nzima pamoja na za harusi ya dada yako.