Je, wajua kwa nini simu mbili zenye laini ya kampuni moja hazipati intaneti sawa?

Weka simu mbili mezani. Zote mpya, zote zina laini ya kampuni ileile, na maboksi yote mawili yameandikwa 4G. Fungua barua pepe kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza inashusha ujumbe wote papo hapo. Kwenye ya pili kiduara kinazunguka, kinazunguka, mwishowe inakuambia hakuna mtandao. Mnara ni uleule na meza ni ileile. Tofauti imetoka wapi?

Imetoka kwenye kitu ambacho wauza simu hawakitaji sana: bendi.

Masafa ya redio, yaani mitetemo ya mawimbi inayopimwa kwa megahezi, hugawanywa vipande vipande, na kila kampuni ya simu hupewa vipande vyake. Kipande kimoja ndicho bendi, na kila bendi ina namba. Kwa 4G, B3 iko kwenye megahezi 1800, B7 kwenye 2600, B20 kwenye 800, na B28 kwenye 700. Kwa 5G namba hutanguliwa na herufi n. N78, kwa mfano, iko karibu na megahezi 3500. Simu husikia zile bendi tu ambazo redio yake imetengenezwa kuzisikia. Mnara ulio jirani ukirusha 4G yake kwa B20 peke yake, na simu yako haina B20, basi kwa simu yako 4G hiyo haipo, hata ukisimama chini ya mnara wenyewe.

Hapo ndipo msafiri anapoumia zaidi, na sababu yake iko kwenye tabia ya mawimbi. Wimbi la megahezi 800 lina urefu wa sentimita 37 hivi. La megahezi 2600 halifiki hata sentimita 12. Masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo kampuni huyategemea barabarani, vijijini na ndani ya majengo makubwa. Masafa ya juu huchoka mapema, lakini yana nafasi pana ya kubeba data nyingi, kwa hiyo hupendwa mijini ambako minara imekaribiana. Simu isiyo na bendi za chini itakimbia vizuri sana siku unayoinunua mjini. Ubovu wake utauona siku ukitoka.

Mimi niliuona nikiwa safarini, nasubiri mkataba utumwe kwa barua pepe ili niusome kabla ya kufika. Simu yangu ilikuwa ya bei, ya jirani yangu wa kiti ilikuwa ya bei nafuu, na laini zetu zilikuwa za kampuni moja. Yake ilikuwa inacheza video. Yangu ilikuwa imeshuka hadi 2G, mkataba unasoma asilimia tatu. Niliilaumu laini, nikaibadilisha, mambo yakabaki vilevile. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipolinganisha orodha mbili, ya bendi za simu na ya bendi za kampuni, nikakuta simu ile ilitengenezwa kwa soko la bara jingine. Bendi za chini ilikuwa nazo, ila hazikuwa zile zinazotumika nilikokuwa.

Kwa hiyo usilinganishe kwa jina la simu. Jina moja linaweza kuuzwa kwa matoleo mawili au matatu, kila moja na bendi zake. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu Simu, usome namba ya modeli, ile yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika. Itafute namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha tafuta bendi za kampuni yako, na uanze kulinganisha zile za chini ya megahezi 1000. Zikikosana hapo, mimi nisingeinunua simu hiyo hata kamera yake ingekuwa nzuri namna gani.

Nguvu ya mawimbi nayo inaeleza kwa nini unaweza kusoma barua lakini ukashindwa kutuma. Mnara hurusha kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu ya 4G kwa kawaida mwisho wake ni wati 0.2. Wewe unausikia mnara, mnara haukusikii vizuri. Na mawimbi yanapokuwa dhaifu simu hupaza sauti hadi kikomo chake, chaji inakwisha kabla ya jioni, na watu wanasema betri mbovu. Mara nyingi betri haina kosa.

Viambatisho huzidisha mzigo huo. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi matupu, kwa hiyo picha au faili hugeuzwa kwanza kuwa maandishi: kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne. Faili la megabaiti 15 linasafiri likiwa na megabaiti 20. Ukiwa njiani, punguza ukubwa wa picha kabla ya kuiambatisha.

Kuna jambo la kupiga simu. 4G ilijengwa kubeba data tu, na sauti hupita juu yake kwa mfumo uitwao VoLTE. Simu isiyo na VoLTE, au ambayo VoLTE yake haikubaliki na kampuni yako, hushuka hadi 3G au 2G kila unapopiga au kupigiwa. Ikiangukia 2G, kwa kawaida data husimama hadi ukate. Unaambiwa "fungua barua niliyokutumia" huku mkizungumza, na haifunguki. Na kampuni zinapozima mitandao ya zamani, kama kampuni kubwa za Marekani zilivyozima 3G mwaka 2022, simu ya namna hiyo inaweza isipige kabisa.

Sasa tuseme mtandao upo, bendi zote zimekubali. Mbona bado barua zinafika kwa mafungu, kumi kwa mpigo, pale tu unapofungua programu?

Kuna njia mbili za barua kufika. Moja, simu inauliza seva, yaani kompyuta inayotunza barua zako, kila baada ya muda, tuseme dakika 15: kuna kipya? Ya pili, seva yenyewe ndiyo inayoiamsha simu barua inapoingia. Kampuni ya vifaa vya BlackBerry ilijipatia jina kwa njia hii ya pili tangu 1999, na mfumo wa IMAP, unaotumiwa na huduma nyingi za barua pepe, uliongezewa uwezo unaofanana na huo mwaka 1997. Lakini kuamshwa kunakula chaji. Android 6.0, toleo la mwaka 2015 la mfumo unaoendesha simu nyingi, ilileta utaratibu wa kulaza programu simu inapotulia, na baadhi ya watengenezaji wakaongeza ukali wao juu yake ili wajisifie betri inayodumu. Programu ya barua inalazwa pamoja na michezo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya betri, kuitafuta programu ya barua pepe, na kuiondolea vizuizi. Kwenye simu nyingine mipangilio hiyo imefichwa ndani sana. Itafute kabla hujalipa.

RAM ndogo, yaani kumbukumbu inayoshikilia programu zilizofunguliwa, huleta shida inayofanana. Unaandika barua, unahamia kwenye kivinjari kunakili anwani, unarudi unakuta programu imeanza upya. Ukirudi kwenye kivinjari, ukurasa nao unapakuliwa tena na kula data mara ya pili. Gigabaiti 4 inabana. Ningeanzia 6. Masasisho ya usalama nayo yaulizie ni ya miaka mingapi, kwa sababu barua pepe ndiyo ufunguo wa akaunti zako zote: Google iliahidi miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8 mwaka 2023, lakini simu nyingi za bei ya chini hupewa miaka michache tu. Na kioo kisomeke juani.

Ukienda dukani, nenda na laini yako. Iweke kwenye simu unayoitaka, subiri 4G itokee juu ya kioo, kisha mpigie mtu na uangalie alama hiyo. Ikibaki, usikate, fungua ukurasa wowote wa intaneti mkiwa bado mnazungumza, huku unatembea kuelekea chumba cha ndani kabisa cha jengo.