Je, wajua kwa nini mtu ananunua albamu ileile moja kutoka nchi tano tofauti?

Ukikuta mtu ana santuri tano kabatini na zote ni Sticky Fingers ya Rolling Stones, ile bendi ya roki ya Uingereza, usidhani amesahau kwamba anayo. Anajua vizuri tu. Moja ya Uingereza, moja ya Marekani, moja Hispania, moja Japani, na kama mfuko wake unaruhusu anayo na ile ya Urusi. Sasa si nyimbo ni zilezile? Hapo ndo utamu ulipo, maana siyo lazima ziwe zilezile, na hata zikiwa zilezile hazitoki na sauti moja.

Tuanzie kwenye biashara yenyewe ilivyokuwa miaka ya 60 na 70. Santuri ni nzito, joto kidogo tu inapinda, halafu nchi nyingi zilikuwa zinatandika ushuru wa maana kwa mali ya nje, kwa hiyo kampuni hazikuwa zinachapa mzigo wote sehemu moja na kuusambaza dunia nzima. Walikuwa wanatuma nakala ya tepu na picha za kava, kampuni ya huko inachapa yenyewe kwenye kiwanda chake. Hata kwetu ilikuwa hivyohivyo, Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani na bendi kibao za Tanzania kazi zao zilichapwa kule. Sasa kila nchi ikishakuwa na kiwanda chake, mafundi wake na serikali yake, tofauti lazima zije.

Na ya Hispania ndo kali kuliko zote. Sticky Fingers ilitoka Aprili 1971, wazo la kava ni la msanii wa Marekani Andy Warhol: picha ya mwanaume kuanzia kiunoni hadi mapajani, jinzi imembana, na zipu ni zipu ya kweli ya chuma, unaishika unaifungua, ndani kuna picha nyingine ya chupi. (Watu wengi walidhani ni Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, siyo yeye.) Utawala wa Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, ukasema hapana, hii haiingii. Basi ikabidi itengenezwe kava nyingine kwa ajili ya Hispania peke yake, nayo ni kopo la shira lililofunguliwa na vidole vya mtu vinatokeza ndani yake. Yaani suruali iliyofungwa zipu ni aibu ila vidole vya binadamu ndani ya kopo ruksa! Halafu hawakuishia kwenye kava, walinyofoa na wimbo wa Sister Morphine, ule wa mtu yuko kitandani hospitalini anaomba morfini, wakaweka Let It Rock ya Chuck Berry ambayo Stones waliipiga laivu pale Leeds Machi 1971. Kwa hiyo mwenye ile ya Hispania ana albamu ambayo kwa kweli ni nyingine. Mimi mtu akiniambia anaitafuta hiyo namwelewa kabisa, ila anayenunua nakala nyingine kwa sababu tu rangi ya lebo (ile karatasi ya duara katikati ya santuri) imekolea kidogo, huyo naona anapenda shida tu.

Siyo Stones peke yao pia. Sgt. Pepper ya Beatles ya 1967 kuna nakala za Malaysia na Hong Kong ambazo nyimbo tatu zilitolewa kwa kuhofiwa zinasifia madawa, Lucy in the Sky with Diamonds ikiwemo, zikawekwa nyingine za Beatles haohao.

Turudi kwenye zipu maana ina kisa chake. Santuri zikipangwa moja juu ya nyingine kwa ajili ya kusafirishwa, kile kichuma cha zipu kilikuwa kinakandamiza santuri ya jirani, na kilipokuwa kinatua ni palepale kwenye Sister Morphine, watu wananunua mpya inaruka. Craig Braun aliyesimamia utengenezaji wa kava akaja na dawa rahisi kuliko zote: zipu ishushwe kabla ya kufunga mzigo, kichuma kifike katikati, ili kikikandamiza kikandamize lebo na sio nyimbo. Ndo maana ukinunua ile ya zipu leo unaangalia kwanza hapo, unainamisha santuri kwenye mwanga uone kama kuna kibonyeo. Hata ile nembo ya Stones, ule mdomo wenye ulimi ulioanzia kwenye albamu hii, haufanani Uingereza na Marekani, aliyeuchora ni John Pasche, mwanafunzi aliyelipwa pauni 50, lakini Marekani ilitumiwa kwa faksi ikafika haina ubora, Braun akauchora upya na wake umekaa mwembamba mwembamba.

Haya, sauti. Fundi anachukua tepu anaichonga kwa sindano kwenye sahani laini ya laka, hiyo inapakwa fedha na nikeli, wanatoa umbo la chuma, kutoka hapo linatoka jingine na jingine mpaka wanapata vile vibao vya kugandamizia plastiki ya moto. Vibao vinachakaa, kwa hiyo santuri iliyotoka mwanzoni mwa kibao na ya mwishoni haziwezi kulingana. Na nchi iliyopokea nakala ya nakala ya tepu inakuwa kama fotokopi ya fotokopi, maneno yanasomeka ila ukali umepungua. Ongeza na fundi mwenyewe anavyopenda besi. Mfano wake mzuri ni albamu ya Led Zeppelin II ya 1969, chapa ya Marekani, ilichongwa na Robert Ludwig ikiwa na besi nzito balaa, kwenye mashine za bei rahisi za kupigia santuri ikawa inaruka, basi amri ikatoka ichongwe upya kwa upole. Zile za mwanzo zenye herufi RL sasa hivi watu wanazigombania.

Wajapani wao walisifika kwa plastiki safi isiyo na kelele, na kile kikanda cha karatasi kinachozungushwa kwenye kava wanachokiita obi. Wanunuzi wengi walikuwa wanakitupa, ndo maana santuri yenye obi bei yake inapaa.

Ya Urusi ilikuja baadaye sana, 1992, jinzi na zipu imebaki ila maandishi ya Kirusi, mvaaji anaonekana ni mwanamke, na bizimu ya mkanda ni ya jeshi la Kisovieti, nyundo na mundu ndani ya nyota, wakati Umoja wa Kisovieti wenyewe ulishavunjika Desemba 1991!

Sasa utajuaje ipi ni ipi? Kava linaweza kubadilishwa, hilo usiliamini. Angalia ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, chukua tochi, utaona herufi na namba zimekwaruzwa au zimegongwa. Kwa santuri za EMI, kampuni ya muziki ya Uingereza, yaani kina Beatles na Pink Floyd, kuna fumbo tamu: herufi kumi GRAMOPHLTD zinasimama badala ya namba, G ni 1, R ni 2, A ni 3 unaenda hivyo mpaka T ni 9 na D ni 0. Ukikuta RO ujue kibao cha 25, ukikuta G peke yake ujue umeshika iliyotoka kwenye kibao cha kwanza kabisa. Muuzaji akikwambia hii ni chapa ya kwanza mwombe picha ya hapo, akianza kuzunguka zunguka achana naye.