Je, wajua mwigizaji Mary Pickford alijibusu vipi mwaka 1921?

Katika filamu bubu ya Little Lord Fauntleroy, mtoto Cedric anambusu mama yake. Mtoto ni Mary Pickford. Mama naye ni Mary Pickford, ameongezewa urefu kwa viatu vya soli nene, maana kimo chake kilikuwa kama sentimita 152 tu.

Unaweza kudhani mikanda miwili ilikatwa katikati kwa wembe, kisha ikagandishwa kwa gundi. Piga hesabu. Picha moja kwenye mkanda wa milimita 35 ina upana wa karibu milimita 25. Kwenye skrini ya mita 6 inakuzwa mara 240, hivyo kosa la sehemu ya kumi ya milimita linakuwa ufa wa sentimita 2.4. Tena wembe ungelazimika kupita palepale kwa picha zote, 16 kila sekunde. Popote ukikosea, ufa unaruka. Pacha je? Hakuwepo. Pickford, aliyezaliwa Toronto mwaka 1892 kwa jina la Gladys Smith, alikuwa na wadogo wawili, Lottie na Jack. Huyo Jack ni mmoja wa waongozaji wawili wa filamu hii.

Alianza jukwaani utotoni. Mtayarishaji wa tamthilia David Belasco alimpa jina la Mary Pickford mwaka 1907 huko New York, na mwaka 1909 akaingia kwenye filamu chini ya mwongozaji D. W. Griffith. Mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wanne wa kampuni ya filamu ya United Artists, kwa hiyo muda wa kuchezea ulikuwa wake.

Ujanja wote ulifanyika ndani ya kamera. Fikiria batiki: palipopakwa nta hapashiki rangi, na nta ikipasuka rangi hupenya. Hapa nta ni kadi nyeusi mbele ya lenzi, rangi ni mwanga. Mpigapicha Charles Rosher alifunika upande mmoja, Pickford akaigiza kama mama. Kisha lenzi huzibwa, mkanda hurudishwa hadi picha ileile ya mwanzo, kadi huhamishiwa upande wa pili, naye anarudi akiwa amevaa kama Cedric.

Kadi ikiacha mwanya, sehemu hiyo hupata mwanga mara mbili na mstari mweupe hutokea. Ikifunika mno, mstari mweusi. Mpini wa kamera, unaozungushwa kwa mkono, ukienda haraka zaidi safari ya pili, nusu moja hufifia. Kamera ikisogea kidogo tu, ukuta wa nyuma huvunjika vipande viwili, ndiyo maana Rosher aliifunga kwenye stendi nzito ya chuma. Na safari ya pili ikiharibika, ya kwanza nayo imekwenda na maji.

Busu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu nyuso zinakutana palepale mpakani, na mpaka ulionyooka ungekata pua. Inasimuliwa kuwa kazi hiyo ilichukua kama saa 15. Kwenye skrini ni sekunde 3 hivi: kwa kasi ya kawaida ya zama hizo, picha 48, au mizunguko 6 ya mpini.