Chakula kipo Rungwe na Mbarali, kazi ni kukifikisha Mbeya mjini

Mkazi wa Mbeya anapolalamika kuwa bei ya sado la viazi imepanda, mara nyingi shambani viazi vipo, tena vya kutosha. Mvua imeharibu barabara ya kutoka Umalila, lori limelala njiani, na mkulima anamuuzia dalali wa kwanza kufika kwa bei yoyote. Uhaba wa mjini na hasara ya shambani vinatokea siku ileile. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na masoko ya mazao tunasisitiza kwamba chakula cha mji kipangwe, kama maji yanavyopangwa.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya; ya 2022 ikakuta 541,603. Watu hao wanalishwa na ndizi za Rungwe, mchele wa Mbarali na Kyela, mahindi ya Mbozi na nyanya za Ilula mkoani Iringa. Sehemu kubwa ya mzigo huo huingia kwa barabara ya TANZAM, yaani barabara kuu ya Tanzania na Zambia, hiyohiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Upanuzi wa kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, utapunguza foleni, lakini lori la viazi likikosa pa kushushia litasimama kando ya barabara pana kama lilivyosimama kando ya barabara nyembamba.

Tulitazame gunia moja la viazi. Mkulima anachimba mapema ili awahi bei, wakati ganda bado changa. Ukilisugua kwa kidole gumba linachubuka. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba na kushonewa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu kifungashio cha mazao kuzidi kilo 100, na si kwa ajili ya kumlinda mkulima peke yake. Gunia zito halishushwi, linabwagwa. Viazi vya chini vinapondeka na kuanza kuoza. Vinavyoachwa juani vinageuka kijani, na ukijani huo ni dalili ya solanini, sumu isiyoisha kwa kupikwa. Mchuuzi anajua sehemu ya gunia ataitupa, kwa hiyo gharama yake anaiweka kwenye sado. Anayelipa ni mama lishe, na baada yake mteja wake.

Kwa maoni yangu jambo la kwanza ni soko la jumla pembezoni mwa jiji. Eneo la Uyole linafaa, kwa kuwa barabara ya Tukuyu na Kyela inakutana hapo na TANZAM. Malori yashushie hapo usiku, chini ya paa, kwenye sakafu ya zege yenye mifereji, na kila gunia lipite kwenye mizani kabla halijauzwa. Kutoka hapo bajaji na vigari vidogo vipeleke mzigo kwenye masoko ya mitaa na magenge kabla ya alfajiri.

Masoko ya rejareja nayo yanahitaji nafasi. Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na soko la Sido likaungua 2017. Vibanda vya mbao vikibanana, gari la zimamoto halipiti. Njia hiyo iachwe tangu siku ya kuchora ramani, maana kuwahamisha wafanyabiashara baadaye ni ugomvi usioisha.

Nafaka zina ahueni: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Makambako. Ndizi, nyanya na viazi havina ghala la namna hiyo, kwa hiyo kwa mazao haya barabara za vijijini ndizo akiba. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikaribishwe mezani mapema, pamoja na madereva. Dereva anajua daraja gani linamlaza.

Takwimu za kuanzia tayari zipo. Mashine za kukatia risiti za ushuru zinaonyesha zao gani limeingia, lini na kiasi gani. Halmashauri ikizijumlisha kila mwezi, itaona ni majuma gani viazi vinapungua na ni barabara ipi itengenezwe kabla ya masika. Wananchi, kwenye mkutano wa mtaa unaofuata ulizeni taarifa hizo ziko wapi, na eneo la soko limetengwa kwenye kiwanja kipi.